Alama Iliyorukwa

Mstari ulikuwa na alama kumi na moja, na ndani yake hamkuwa na neno hata moja. Kulikuwa na jicho, mishale miwili iliyopeana mgongo, nyota yenye mguu mmoja, wimbi lenye nukta, na madude mengine ambayo mtu angedhani kuku ametoka matopeni akapita juu ya karatasi. Dzigbordi Ametepe aliuchapa mkubwa, akaubandika ukutani juu ya meza yake, na tangu asubuhi alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, akiutukana kimoyomoyo na mara nyingine kwa sauti. Jina lake lina maana ya subira. Wenzake ofisini walisema subira yenyewe aliisahau kwao Kpando siku alipopanda gari kuja Ho.

Mstari ule ndio uliokuwa ukiendesha lango la tatu la maji la mradi wa mpunga wa Agorkpo. Jumatatu, saa tano na dakika arobaini asubuhi, lango lilifunguka lote, likakaa wazi hadi saa kumi jioni, na miche ya wakulima sitini ikaenda na maji. Rekodi ya mashine haikumung'unya maneno: *Lango la tatu. Fungua. Ameagiza: Enyonam Dogbey.* Huyo Enyonam alikuwa mlinzi wa malango, mama wa miaka hamsini na minane, na kazi ile alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa. Aliapa kwamba saa ile alikuwa kwake amelala, kichwa kinamgonga. Hakuna aliyemwona. Na kwa kuwa shamba la kaka yake lilikuwa chini ya lango lilelile, na mwezi mzima kaka huyo alikuwa akilia ukame, watu walijijazia wenyewe. Ijumaa kamati ya mradi ingekaa kumfukuza.

Kabla ya kukaa, kamati iliwaandikia barua fupi watu wa kampuni ya Kpodo na Wenzake, walioandika programu ya malango: je, mashine yenu inaweza kukosea? Dzigbordi ndiye aliyekuwa mkuu wa waandishi wa programu, akapewa barua ajibu. Alidhani ataisoma programu nusu saa, aandike jibu, akale. Sasa ilikuwa Jumatano, siku ya pili, na hata nusu ya mstari hajaifika.

"Mpumbavu gani aliandika kitu hiki?" alifoka.

"Punguza sauti," Efo Senanu alisema kutoka mlangoni. "Kuna wageni chini."

Senanu Kpodo ndiye aliyekuwa mwenye kampuni, na ndiye aliyeitunga Adanu, lugha ya kompyuta iliyotumika kuandika mstari ule. Alikuwa amemfundisha Dzigbordi chuoni. Kwa hiyo Dzigbordi alimwita Efo, kaka mkubwa, hata siku ambazo angependa kumwita jina jingine.

"Wageni wapande juu," alisema. "Labda kati yao yupo anayejua kusoma."

"Dzigbordi."

"Basi nisomee wewe, Efo. Lugha ni yako. Alama ya tatu inasema nini?"

Senanu alisogea, akakunja uso. "Hiyo ni ya Mawuena."

"Sikuuliza ni ya nani. Nimeuliza inasema nini."

"Mawuena si alituacha, yuko Kanada siku hizi? Mwandikie."

"Nimemwandikia. Kanijibu kwa kicheko na picha ya theluji."

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hapo. Lugha nyingine za kompyuta huja na maneno yake, na mwandishi huyatumia hayohayo, apende asipende. Adanu ilikuja na maneno machache, kisha ikampa kila mwandishi ruhusa ya kujitungia alama na kuipa kazi aitakayo. Na nyumba ile ilikuwa na desturi yake: ukitimiza mwaka kazini, unabatiza alama. Unaichora ubaoni mbele ya wote, unaeleza mara moja inafanya nini, watu wanapiga makofi, Efo Senanu anamimina chini tone la akpeteshi, pombe kali ya kwao, halafu kila mtu anapata funda lake. Baadaye alama inachongwa kwenye kibao cha mti na kutundikwa ukumbini. Vibao vilikuwa vimefika ishirini na saba. Maelezo hayakuandikwa popote, kwa sababu kuandika kungeonekana ni kuwadharau wenzako kwamba hawana kichwa cha kukumbuka. Dzigbordi naye alikuwa na kibao chake, wimbi lenye nukta juu, na kwa miaka sita hakuwahi kupita chini yake bila kuinua macho.

"Unajua kwa nini niliitunga hivi," Senanu alisema. Alivuta kiti, akakaa kinyumenyume kama zamani darasani. "Nilipokuwa nasoma Ujerumani, kila nilichotaka kusema niliambiwa lugha hairuhusu. Nikizungushe. Nikikate vipande. Nikaapa kwamba siku nitakapotunga yangu, haitamwambia mtu hapana. Mfumaji wa Kpetoe nani anampangia nyuzi?"

"Mfumaji wa Kpetoe akifa, kitambaa chake bado kinavalika. Hapa mfumaji yu hai, anacheza na theluji, na mimi sijui mkono unaingilia wapi."

Senanu alicheka bila kupenda. "Na nani alinitetea? Wale wa chuo waliponitaka niweke mipaka, nani alisimama katikati ya ukumbi? 'Lugha isiyopinda itavunjika.' Maneno ya nani hayo?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilisema mengi."

"Uliyasema vizuri." Aliinuka. "Sikiliza. Wiki ijayo tunaonyesha toleo la pili la Adanu kule Accra. Rekodi inasema mama alibonyeza. Andika hivyo, tumalize."

"Kuna mtu anafukuzwa kazi, Efo."

"Na kama alibonyeza kweli?"

Swali hilo lilimchoma Dzigbordi kuliko yote. Angejua kwamba mama anaonewa, angepiga meza. Angejua kwamba mama ni mwongo, angeandika barua akaenda zake. Lakini hakujua, na hakujua kwa sababu watu wenye akili zao, watu aliokula nao na kunywa nao, waliona raha kuandika kitu ambacho binadamu mwingine hawezi kukisoma. Aliwachukia wote kwa majina, kibao kwa kibao.

Alhamisi saa tatu asubuhi, Enyonam Dogbey alikuja mwenyewe. Alikuwa mfupi, amevaa viatu vya mpira, na kifuani amekumbatia daftari lenye jalada gumu lililovimba kwa unyevu.

"Ninyi ndio watu wa mashine?"

"Ndio sisi, mama. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Watoto wa Agorkpo wananizomea njiani. Jana nimeamka nimekuta miche iliyooza imemwagwa mlangoni kwangu. Nimekuja nisomewe."

"Usomewe nini, mama?"

"Hicho kilichonitaja jina. Wanasema kimeandikwa. Kama kimeandikwa, kinasomeka. Nisomee."

Dzigbordi alimwonyesha ukuta. Mama Enyonam aliinua kichwa, akautazama mstari kutoka upande mmoja hadi mwingine, akarudi tena mwanzo.

"Haya ni maandishi?"

"Ndiyo, mama."

"Na aliyeandika ni mtu mzima?"

Dzigbordi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Alimsogezea kiti, na safari hii mama alikaa. Akalifungua daftari, akalisukuma mezani. Mwandiko ulikuwa mkubwa na wa mviringo, wa mtu aliyejifunza kuandika akiwa mzima na hataki kukosea.

*Jumatatu. Saa moja. Nimefungua lango la tatu lote. Saa tatu. Maji yametosha, mashine imefunga yenyewe.* Hapo palikuwa na nafasi tupu ya mstari mmoja. *Saa kumi. Nimekuta lango liko wazi.*

"Hili si ungewapelekea kamati?"

"Niliwapelekea. Wakaniambia daftari linaweza kudanganya. Mashine haina kaka."

Dzigbordi alihisi hasira ikimpanda upya hadi masikioni. Aliwasha kompyuta, akavuta kiti karibu na cha mama, na wakaanza alama ya kwanza. Haikuwa kazi ya kusoma, ilikuwa kazi ya kumenya vitunguu. Unafungua alama moja unakuta nne ndani, unafungua moja kati ya hizo unakuta tatu, na macho yanakutoka machozi. Jicho lilikuwa likipima kina cha maji. Mishale ililinganisha kina hicho na kile kilichotakiwa. Nyota yenye mguu iligeuza gurudumu la lango. Kila alama ilipotulia, Dzigbordi aliisema kwa maneno ya kawaida, na mama aliitikia kwa neno moja tu: "Kisha?"

Walikula abolo, mikate laini ya mahindi, na samaki wa kukaanga palepale mezani, mama akikinga makombo yasiangukie daftari. Ilipofika saa nane walikuwa wameumaliza mstari, na hakuna popote palipotaja jina la mtu.

"Sijaona kosa," Dzigbordi alisema. "Samahani, mama. Kote ni salama."

"Na hii uliyoiruka?"

"Ipi?"

Mama Enyonam alisimama, akaenda ukutani, akaweka kidole juu ya wimbi lenye nukta.

"Aa, hiyo ni yangu," Dzigbordi alisema, na alisema kwa majivuno, jambo lililomtia aibu kila alipolikumbuka baadaye. "Hiyo haina neno. Naijua."

"Kama unaijua basi rahisi. Nisomee."

"Inasema kwamba kihisio, yaani kile kifaa cha kupima maji, kikinyamaza, kikiacha kuleta habari, basi mashine..."

Alisita. Kichwani mwake mlikuwa na makofi, na harufu ya akpeteshi, na sauti ya Efo Senanu ikisema safi sana. Kazi ya alama yenyewe haikuwemo. Alirudi kwenye kompyuta, akaifungua. Juu yake palikuwa na tarehe ya miaka sita nyuma na jina lake. Chini yake palikuwa na alama sita zilizobanana bila hata nafasi ya kupumua, zote kwa mkono wake, na hakuzielewa.

Alizimenya moja baada ya nyingine. Ilimchukua nusu saa, na mama hakusema "kisha" hata mara moja. Polepole siku ile ikamrudia. Wakati huo walinzi wa malango walikuwa wakilalamika kwamba kifaa kikinyamaza mashine hugoma, wao wakatolewa vitandani kwenda kuzungusha magurudumu. Dzigbordi akaona awapunguzie adha. Mashine ifanye alichoagiza binadamu mara ya mwisho, isimsumbue mtu. Na kwa kuwa kila agizo sharti liwe na mwenyewe, akalipa jina lililokuwa karibu. Yote hayo aliyafinya ndani ya alama moja, na ufinyu wenyewe ndio uliopigiwa makofi. Kama angeyaandika kwa maneno yangekuwa mistari mitano, na yeyote mwenye macho angeuliza: sasa jina la mtu linaingiaje hapo ilhali mwenyewe hayupo?

"Kihisio kikinyamaza," alisoma, "mashine inachukua agizo la mwisho la mtu, inalirudia, na inaandika jina la aliyelitoa."

Mama Enyonam alirudisha kidole kwenye daftari lake. "Agizo langu la mwisho lilikuwa fungua. Saa moja."

"Ndiyo, mama."

"Na hicho kifaa kilinyamaza?"

"Fundi alikikuta Jumanne kimezongwa na magugu maji."

"Basi ikafungua yenyewe, ikaniwekea sahihi."

"Ndiyo."

"Na wewe siku tatu unatafuta kwa watu wote, isipokuwa kwako."

Nyani haoni kundule. Methali hiyo Dzigbordi aliijua tangu utotoni na alikuwa ameitumia juu ya watu wengi. Alingoja atukanwe. Angefurahi kutukanwa, kwa sababu matusi angeweza kuyajibu. Mama Enyonam alilifunga daftari lake, akalikumbatia tena.

"Akili nyingi huondoa maarifa," alisema. "Kesho utayasema haya? Kwa maneno hayahaya, si kwa madude yako?"

"Nitayasema."

"Tutaona."

Senanu alisikiliza habari yote akiwa amesimama dirishani, na alipogeuka, uso wake ulikuwa na ule utulivu wa mtu ambaye ameshaandika barua kichwani.

"Magugu yalizonga kihisio. Hiyo ni kweli tupu. Andika hitilafu ya kihisio."

"Na jina lake kwenye rekodi?"

"Kamati itaelewa."

"Kamati itaelewa kwamba kifaa kiliharibika na mama akafungua lango. Jina litabaki palepale, Efo!"

"Dada yangu, fikiri. Ukiwasomea wimbi lako, hawataishia kwenye wimbi. Watauliza habari za alama zote ishirini na saba, na wa Accra watasikia. Nani ataigusa Adanu kama mwandishi wake mkuu amesimama mbele ya watu akasema haisomeki?"

"Lakini haisomeki."

"Inasomeka na aliyeandika!"

"Aliyeandika ni mimi!" Alipiga meza, vikombe vikaruka, na chini watu wakanyamaza. "Mimi! Sikufa, sikwenda Kanada, niko hapahapa Ho nakula mshahara wako! Nimeipita siku tatu nikimtukana Mawuena na kila mtu, na niliposhikwa kichwa nikaisoma, sikuijua! Kama mimi siijui, wewe unataka aisome nani?"

Senanu alikaa. Alionekana mzee ghafla, na hilo nalo lilimkasirisha Dzigbordi, kwa sababu hakutaka kumhurumia.

"Lugha haikukulazimisha," Senanu alisema taratibu. "Ungeweza kuandika wazi. Maneno yalikuwepo. Mimi nilikupa uhuru, sikukupa kiburi."

Ilikuwa kweli.

"Kiburi nilikuja nacho," Dzigbordi alisema. "Wewe ulikipigia makofi, ukakitundika ukumbini."

Alitoka bila kufunga mlango. Ukumbini alipanda juu ya kiti, akakitungua kibao chake, akakitia mkobani. Hakujua atakifanyia nini.

Ijumaa banda la mradi lilijaa tangu saa mbili, na waliokosa nafasi walisimama nje wakichungulia juu ya ukuta mfupi. Senanu hakuja. Mama Enyonam alikaa mbele peke yake; benchi lilikuwa na nafasi ya watu sita, na hakuna aliyetaka kumsogelea. Kaka yake alikuwa amejibanza nyuma kabisa.

Dzigbordi hakubandika alama yoyote. Alibandika kipande cha karatasi chenye mistari mitano aliyoiandika usiku ule kwa maneno ya watu, akaisoma, akarudia. Alieleza habari ya magugu, ya kifaa kunyamaza, ya agizo la saa moja lililorudiwa saa tano na dakika arobaini, na ya jina. Alipomaliza, mkulima mmoja mrefu akasimama.

"Kwa hiyo mashine ilisema uongo."

"Mashine ilifanya ilivyoambiwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Banda lililipuka. Mmoja alisema arudi Ho na upuuzi wake. Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni alimwonyesha mche uliokauka, akamuuliza kama nao unaweza kurudia agizo la mwisho. Mwingine alitaka kujua kama chuoni hufundishwa kutumia majina ya watu bila kuomba. Mwenyekiti aligonga meza mpaka kiganja kikamuuma. Dzigbordi alisimama akayapokea yote. Alikuwa na hasira, ndiyo, hasira ileile ya siku zote, ila safari hii hakupata pa kuitupa ikabidi akae nayo mwilini, na ilikuwa nzito ajabu. Aliona aibu, na hakukaa.

Mwenyekiti alitangaza kwamba shauri la Enyonam Dogbey limefutwa na atabaki na malango yake. Wachache walipiga makofi. Mama Enyonam hakutabasamu, wala hakumshukuru mtu. Alinyanyuka na daftari lake, akaenda hadi mezani alipokuwa Dzigbordi, akalifungua ukurasa wa Jumatatu na kuchomoa kalamu kwenye kilemba.

"Kuna mstari niliuacha wazi hapa," alisema. "Sikuwa najua, na mimi siandiki nisichokijua. Jina lako lote nani?"

Dzigbordi alimtajia. Mama aliinama, akaandika polepole, akirudi nyuma kukazia herufi zilizofifia. Watu walikuwa wameanza kutulia, wakinyoosha shingo. Alipomaliza alipuliza wino, akaligeuza daftari.

"Soma."

Dzigbordi alisoma. *Saa tano na dakika arobaini. Lango la tatu limefunguliwa na Dzigbordi Ametepe. Hakuwepo.*

"Kuna mahali hujapaelewa?"

"Hakuna, mama."

"Basi soma tena," Mama Enyonam alisema, akirudi kwenye benchi lake. "Kwa sauti. Wa nyuma hawajasikia."